Si vya Kuepulia Sufuria

Jumatatu, 4 Machi

Vile vitambaa sita vya mraba vinavyoning'inia kwenye kamba ya mbele, vyenye kitanzi pembeni, si vya kuepulia sufuria. Ni vyangu vya hedhi.

Nimeliandika. Paa halijaanguka.

Hakuna anayejua. Mama hajui. Baba, Mungu apishilie mbali. Na Shangazi, dada yake Baba, ambaye ndiye anayeshika sheria za wanawake katika nyumba hii, akijua leo, kesho sina pa kulala. Nilivishona kwa umbo hilo makusudi, ili nivianike juani mchana kweupe na kila apitaye adhani ni vya jikoni. Siku zangu zikifika nachukua kimoja, nakikunja mara tatu, nakifunga kwa utepe wenye kifungo. Nikishafua naanika, na jioni vinanukia jua. Sijui kama kuna msichana mwingine duniani anayenusa vitambaa vyake na kutabasamu. Mimi nanusa.

Wewe unayesoma, tafadhali usimwambie mtu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Hakuna la kuandika ila matope.

Jumamosi, 9 Machi

Tangu nimalize shule mwaka jana najifunza kushona kwa Fundi, mzee mfupi anayeongea na pini mdomoni, kwa hiyo maneno yake yote yanatokea pembeni. Ananiita Bi Kimya. Ni kweli. Mteja akinisalimu naitikia kwa sauti ya sindano.

Mvua ikianza watu wanaleta miavuli iliyovunjika. Isiyotengenezeka Fundi anaitupa kwenye pembe, na mimi naomba kitambaa chake. Juu naweka flana, katikati taulo kuukuu, chini kitambaa cha mwavuli. Kama mvua yote ile inashindwa kukipenya, damu nayo itashindwa.

Leo Fundi ameuliza, "Bi Kimya, miavuli mibovu unaipeleka wapi? Unaezeka nyumba?"

"Ndiyo, Fundi."

"Ukimaliza nikaribishe."

Alhamisi, 14 Machi

Mdogo wangu amerudi kutoka shule amefunga sweta kiunoni badala ya kulivaa, na baridi yote ile. Ndiye wa mwisho kuzaliwa kwetu, tunamwita Kitinda, na hajawahi kunyamaza kwa muda wa kupika chai. Leo alikuwa kimya kama mimi.

Shangazi alimtazama mara moja tu. "Umekua," akasema, akamshika mkono, wakaingia chumbani. Nilikaa mlangoni nikijifanya nachambua mchele. Nilijua kila neno kabla halijasemwa, maana niliambiwa yaleyale miaka mitatu iliyopita. Matambara haya utayafua watu hawajaamka. Utayatandaza chini ya godoro, juu ya mbao. Jua lisione, mwanamume asione.

Kitinda akauliza, "Sasa yatakauka na nini, Shangazi?"

"Na subira."

Kiangazi, kweli, subira inatosha. Wakati wa mvua haitoshi. Chini ya godoro yanaota madoa meusi na kunuka kama gunia lililolowa, na siku zikifika unayavaa hivyohivyo mabichi, kwa kuwa huna mengine. Mimi niliyavaa. Niliwashwa mpaka nikawa natembea kama bata, na Shangazi akisema nina madaha.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi nilimfuata Kitinda bafuni, nikamtia vitambaa vitatu mkononi.

"Dada, mbona unanipa vya kuepulia sufuria?"

"Kunja mara tatu."

Akakunja. Akaangalia kile kitambaa, akaniangalia mimi, akaangalia kamba iliyokuwa ikionekana juu ya mabati. Alicheka mpaka ikabidi nimzibe mdomo kwa mkono wenye sabuni.

"Wewe," akasema akitema povu, "wewe ambaye hata kuku unamwambia samahani."

Jumanne, 19 Machi

Jirani yetu mwenye kuku amesimama kwenye uzio akatazama kamba. "Nyumba hii mnapika nini, vitambaa vya sufuria kila siku vinafuliwa?"

Kitinda akamjibu, "Shikamoo. Sufuria zetu ni za moto sana."

Ijumaa, 22 Machi

Jua limechungulia kama mgeni asiye na uhakika wa nyumba, kisha likaondoka. Limetosha. Vimekauka.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Mvua. Paa la duka linavuja juu ya cherehani, tumelifunika kwa mwavuli, naye Fundi anashona chini yake kama uyoga. Nimemaliza vitambaa vingine vinne, nimevificha chini ya meza.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo nimetamani ardhi ipasuke.

Baba anafanya kazi kwenye kinu cha kusaga nafaka, na mwenye kinu alituma neno kwamba atakuja na mkewe kunywa chai. Mama alipagawa. Akafua mapazia yaliyokuwa safi. Wageni walipoketi, akatoka nje, akaanua vitambaa vyote sita, akaingia navyo sebuleni akiwa ameshikia birika la moto. Viwili huku, viwili huku. Viwili alivikunja akaviweka chini ya vikombe.

Mke wa mwenye kinu akashika kimoja. "Vimeshonwa vizuri. Laini, halafu vinene."

Baba akavimba kwa fahari. "Kazi ya binti yangu huyo. Mwacheni hivyo hivyo, haongei, lakini mikono yake inaongea."

Kitinda alisema anakwenda kuangalia kuku. Hatuna kuku.

Wageni walipokuwa wakiondoka, Mama alimpa yule mama viwili vya zawadi. Vinne vilivyobaki amevitundika kwenye msumari kando ya jiko, na jioni hii tayari vina masizi na mafuta. Niende nikavidai kwa maneno gani?

Jumatano, 10 Aprili

Nilimkuta Fundi akinitabasamia, pini zote nje. "Bi Kimya, una siri."

Nikatazama chini ya meza.

"Kitu kizuri namna hii unakificha chini ya meza? Mpishi wa shule alipita jana, nimemuuzia vyote vinne. Amevipenda kweli."

Alinikabidhi pesa zangu, akangoja nimshukuru. Nikamshukuru.

Alhamisi, 11 Aprili

Siku za Kitinda zimefika. Flana imekwisha dukani na kazi ya sare za shule imejaa. Nimeshona kimoja kwa mkono, kwa fulana yangu ya zamani. Kimoja hakitoshi. Amerudi kwenye yale ya chini ya godoro. Yalikuwa yameota ukungu.

"Si neno, Dada," amesema. "Na subira."

Jumanne, 16 Aprili

Naandika nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha Kitinda. Amelala. Joto limeshuka.

Jana alianza kutetemeka na kutembea amepanua miguu. Shangazi akasema ni homa ya mvua, apewe maji ya moto alale. Leo asubuhi nilimsaidia kuoga. Sitaandika nilichokiona. Ngozi yake ilikuwa imechubuka kama ya mtu aliyeburutwa.

Nikatoka bafuni nikasema, "Tunakwenda zahanati." Mama na Shangazi wakageuka kutafuta nani amesema.

Tulikwenda wote wanne, Kitinda mgongoni kwangu, Shangazi nyuma akinong'ona kwamba tutaaibika. Muuguzi ni mama mnene mwenye viatu vya mvua. Alimfunika Kitinda shuka, akamwangalia, akanawa mikono.

"Ukiwa katika hedhi unatumia nini, mwanangu?"

Shangazi akasema, "Hilo haliulizwi mbele ya watu."

"Watu gani, mama? Humu kuna wanawake watupu na mizani."

Kitinda aliniangalia. Yeye ndiye mwenye mdomo, mimi ndiye mwenye aibu. Hivyo ndivyo tulivyogawana tangu utotoni. Lakini yeye alikuwa anatetemeka.

"Anatumia matambara mabichi," nikasema. "Tunayakausha chini ya godoro. Hayakauki. Yana ukungu. Anavaa hivyohivyo, na mimi nilivaa hivyohivyo, na ni kwa sababu tumekatazwa kuyaanika."

Muuguzi hakushangaa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akatoa dawa, akaeleza. Sabuni, maji safi, na jua. Asikae na kitambaa kimoja kutwa nzima. Kibichi asivae tena. Kisha akamgeukia Shangazi, bila ukali wowote: "Na wewe, dada yangu, vyako ulikuwa ukianika wapi?"

Shangazi alitengeneza mtandio wake. Akautengeneza tena. Akatazama ile mizani kama vile ndiyo iliyoulizwa.

Njiani Mama akaniuliza, "Mwenzako kaumwa. Wewe msimu huu hujaumwa. Unatumia nini?"

Nikamwambia.

Mama alisimama katikati ya matope. "Vile nilivyoshikia birika?"

"Ndiyo, Mama. Vilikuwa safi. Safi kuliko vya jikoni."

"Mbele ya mwenye kinu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na mkewe nikampa?"

"Viwili."

Mama akajifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yakitikisika kwa kicheko, na mgongoni kwangu nikasikia Kitinda, mwenye homa, akisema kwa sauti ya kukwama, "Kikulacho ki nguoni mwako." Hapo Mama akashindwa hata kutembea.

Shangazi hakucheka. Alitupita akatangulia nyumbani peke yake.

Jumatano, 17 Aprili

Mpishi wa shule, mama wa makamo, ameingia dukani na vitambaa viwili na kifuniko cha sufuria chenye kitu cheusi kilichoganda. "Fundi, vitambaa vyako vinayeyuka. Karibu niwalishe watoto plastiki."

Fundi akachana mshono kwa wembe. Flana, taulo, mwavuli. Akaukunjua ule mwavuli ulioungua, akautazama kwenye mwanga. "Bi Kimya. Ni nani anayetia mwavuli kwenye kitambaa cha sufuria?"

Ningeweza kusema nilikosea. Angeniamini. Nilimfikiria Kitinda.

"Si vya sufuria. Ni vya hedhi. Mwavuli ni wa kuzuia damu isivuje."

Nilidhani nimenong'ona, lakini mtu aliyekuwa akipita nje alipunguza mwendo. Fundi aliokota pini moja mezani akaitia mdomoni, kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka akawa hana nafasi ya kusema chochote. Mpishi alikaa kwenye kiti cha wateja.

"Kwa hiyo wiki nzima," akasema taratibu, "nimeepulia chakula cha shule kwa..." Akatazama kile kitambaa. "Halafu hicho kingine, kisichoungua, kinavaliwaje?"

Fundi akatoka nje kwenye mvua. Nilimwonyesha mpishi.

Alhamisi, 18 Aprili

Jua. Jua kamili, la kuumiza macho.

Usiku, mvua iliponyamaza, nilikuwa nimeshaamua. Vipya nimevishona kwa shuka kuukuu, virefu, bila kitanzi, kwa umbo lake lenyewe. Asiyejua na aulize. Asubuhi nilivianika kwenye kamba ya mbele, kimoja kimoja, na kila nilipobana kibanio nilihisi kama nabisha hodi kwenye mlango wa mtu mkubwa.

Jirani mwenye kuku: "Leo vya kwenu vina umbo gani hivyo?"

"Ni vya hedhi, shikamoo."

Alisahau kuitikia.

Shangazi akatoka. Akaanua vyote vikiwa bado vinachuruzika, akaingia navyo. Nilivikuta chini ya godoro. Nikavitoa, nikavisuuza, nikavianika tena. Akaanua tena. Mara ya tatu alinikuta nimesimama chini ya kamba.

"Toka hapo."

"Sitoki, Shangazi."

"Mimi nimemlea baba yako. Unanijibu?"

"Nakuheshimu. Lakini Kitinda ana vidonda, na vitambaa hivi vinakaa juani."

"Nitamwambia baba yako akutoe kwa huyo Fundi. Ukae nyumbani uone jua lako."

Baba alirudi jioni mweupe kwa unga mpaka kope. Kamba imepita mbele ya mlango. Akasimama. "Mwanangu, hivi ndivyo vile alivyonieleza mama yako?"

"Ndivyo, Baba."

"Kamba ya nyuma ipo."

"Ya nyuma iko chini ya upenu, haina jua. Kitinda aliugua kwa kukosa jua."

Baba alifuta unga kwenye nyusi, akazunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa jikoni.

Shangazi alimweleza habari ya kunitoa kwa Fundi. Baba akasema atafikiria. Nikaomba asifikirie haraka.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeanika. Ameanua.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeanika. Ameanua. Nimeanika.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua. Tumepumzika wote wawili.

Jumatano, 24 Aprili

Fundi hakunisemesha wiki nzima. Leo amesema kutokea pembeni, "Mpishi ameleta wenzake. Wanasubiri uje. Mimi wamenikataa."

"Nivishonee nyumbani, Fundi?"

"Nyumbani una cherehani?" Akatazama paa linalovuja. "Shona. Ila mimi neno lenyewe sitalitamka. Nina umri."

Nikachukua kipande cha boksi, nikaandika kwa wino mwekundu: VITAMBAA VYA HEDHI. VINAFULIWA, VINAANIKWA JUANI. Nikakitundika mlangoni. Fundi alikisoma, akameza mate, akatoka. Nilidhani anakwenda kukichana. Alikinyoosha. Kilikuwa kimekaa upande.

Jumatatu, 29 Aprili

Kitinda amerudi shule. Nimeanika. Ameanua.

Alhamisi, 2 Mei

Nimemuuliza Shangazi, kwa adabu, nikiwa na maji mikononi: "Jua likiona, linafanya nini?"

Amesema, "Watu watasema."

"Wameshasema. Jirani mwenye kuku amesema, kisha akanunua viwili."

Akaanua. Lakini nimemwona akivigusa kwanza kama vimekauka.

Jumanne, 7 Mei

Leo Baba amepita mlango wa mbele. Ameinama chini ya kamba kama mtu anayepita chini ya nguo, maana ndizo. Kimoja kibichi kikampiga shavuni kikatoka na unga. Akakibana vizuri, akaingia, akaomba chai. Kuhusu kunitoa kwa Fundi hakuna aliyesema tena.

Jumapili, 12 Mei

Mama na Baba walikwenda kumwona mgonjwa, Kitinda alikuwa kwa rafiki yake, nami nilikuwa dukani namalizia kazi ya Jumatatu. Kamba ilikuwa imejaa, vyangu na vya Kitinda, na viwili vya Mama ambavyo hatujavizungumzia. Mbingu ikageuka ghafla. Nilikimbia. Nilianguka mara mbili, nikafika nyumbani nimepakwa matope hadi masikio, na kamba ilikuwa tupu.

Nikajua nitavikuta wapi. Niliingia chumbani moja kwa moja, nikainua godoro. Hakuna kitu. Mbao tupu.

Shangazi alikuwa sebuleni. Kichwa kilikuwa wazi, nywele za mvi zimelowa, maji yanamtiririka hadi kwenye kidevu. Mtandio wake ulikuwa mapajani umefunga kitu, na alikuwa akikifungua. Vitambaa vyote, vikavu. Alianza kukunja. Mara tatu, mara tatu, mara tatu. Hakuna aliyemfundisha.

"Vingelowa," akasema bila kunitazama.

Nikakaa. Tukakunja pamoja.

Baadaye sana akasema, "Yule muuguzi aliniuliza vyangu nilianika wapi."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nilikaa na vidonda mpaka damu yenyewe ilipokatika. Nikadhani ndivyo mwanamke alivyo. Mama yangu naye alitembea amepanua miguu, kama mimi." Akalainisha kitambaa kwa kiganja. "Ukimwambia mtu kwamba nimetoka kichwa wazi kwenye mvua kwa ajili ya hivi, nitakataa."

Jumatatu, 13 Mei

Nimeamshwa na ngumi mlangoni. Shangazi. "Jua limetoka. Unangoja nini?"

Alikuwa ameshika vibanio.

Mwanzoni nilikuomba usimwambie mtu. Nimelifuta ombi hilo. Habari ya vitambaa mwambie yeyote: mama yako, mwalimu wako, kaka yako, dereva wa basi. Sema kwa sauti, sema hedhi, uone kama paa litaanguka. Ila hili la Shangazi, na mvua, na mtandio, ni lake. Amenitazama akaniomba. Hilo tu, tafadhali, libaki hapa.